Bibi atawaletea mchicha

Ni maneno matatu tu. Mama mkwe aliyasema Jumapili, ameinama juu ya trei zangu za nyanya pale kibarazani, na wala hakuniambia mimi. Angeniambia mimi ningepata la kujibu, hata kucheka tu. Yeye alimgeukia kitindamimba, akamfuta makamasi, akasema, "Bibi atawaletea mchicha." Kisha akaulizia chai.

Nimeshayasema kwa sauti zote. Kwa huruma: maskini wajukuu zangu, mboga wataipata wapi. Kwa utani. Kwa ile sauti aliyoitoa kwenye kipaimara, alipouliza kama pilau lile kweli limepikwa na fundi. Bwana Mkubwa anasema mama akisema mchicha anamaanisha mchicha. Wiki hii kapata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, hana muda wa kunichambulia sauti ya mama yake.

Trei zenyewe, nakiri, zilitia huruma. Ni Tanya, ile mbegu ya nyanya ya kituo cha utafiti cha Tengeru, niliyoipenda kwa sababu ni fupi na haisumbui na miti ya kuegemea. Ziliota vizuri, zikasimama. Halafu asubuhi moja mche ukawa umelala, kesho yake na majirani zake. Majani bado ya kijani kabisa, ila pale shina linapotokea udongoni pamekonda na kuwa kahawia, kama pamekazwa uzi. Iliyobaki wima ina rangi ya zambarau chini ya majani. Ofisi ya walimu ilinipa kila dawa: majivu, mkojo wa sungura, maji zaidi, maji kidogo. Mwalimu wa hesabu alisema nikanunue nyanya sokoni Mbuyuni.

Bwana shamba alipita Jumatano. Majani hata hakuyatazama. Alichota udongo, akaunusa.

"Samadi hii imetoka zizini lini?"

"Wiki ileile niliyopanda."

"Mbichi hii. Hiki ni kinyausi."

Akanieleza. Ni vimelea vya ukungu vinavyokaa udongoni, na vinapenda samadi isiyoiva, miche iliyobanana, na maji ya jioni yanayolala juu ya udongo usiku kucha, tena kwa baridi hii ya Moshi mwezi wa saba. Mche ukishaanguka hauponi, ng'oa ukatupe mbali. Ile zambarau nisiihangaikie sana, ni baridi, mizizi inashindwa kufyonza fosforasi. Jua likirudi itapungua. Samadi ilundikwe, igeuzwe, ikae walau miezi mitatu mpaka iache kunuka.

(Hilo la maji ya jioni nimelisikia. Tuendelee.)

Mimi nilikuwa nimeganda palepale kwenye samadi. Kwani ilitoka zizi la nani? La mama! Aliileta mwenyewe kwenye kiroba kutoka kihambani, shamba lake la nyumbani, bado ina joto, akisema hii ndiyo inayolisha migomba yangu. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka dada akaja kuchungulia kuna nini. Siku nzima darasani nilikuwa mwepesi, hata waliochelewa kuleta madaftari niliwasamehe.

Usiku nikaanza kutunga la kumwambia. Bwana Mkubwa akasema kutoka chini ya blanketi, "Usithubutu."

Jana akapiga simu mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyanya hazijambo?"

Nikavuta pumzi. "Zimepata kinyausi, mama."

"Pole. Udongo wa huko mjini hauna nguvu. Nimempa bodaboda kiroba kingine."

Nikasema asante sana, mama.

Kiroba kiko nyuma ya nyumba, kimefunikwa turubai, na kitakaa hapo hadi Oktoba kipende kisipende. Mbegu mpya nimezipanda kwa mistari, mbalimbali, udongo umechanganywa na mchanga. Mchicha bado haujaletwa.

Shule ya binti mkubwa nayo imetuma ujumbe: la saba wote wanaingia kambi mpaka mtihani wa Septemba. Wanataka godoro, ndoo, chandarua. Hivyo vitapatikana. Lakini huyu mtoto hajawahi kulala taa ikiwa imezimwa, na ameniapisha nisimwambie mwalimu.