Mikebe Mitatu ya Udongo: Kutoka Utawala hadi Msitu wa Njabini

Nyumba yangu iko Utawala, mashariki mwa Nairobi, na ukuta wake wa nyuma una ufa unaopanuka kila Februari na kujifumba tena mvua za masika zinapokolea. Fundi aliyeujenga alichimba msingi wa futi mbili na kuniapia kwamba zinatosha. Ufa huo ndio ulionikutanisha na jirani yangu, mzee aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika maabara ya udongo kule Kabete. Aliutazama, akaingiza kidole, akasema, "Ukuta hauna shida, mwanangu. Shida iko chini, na hiyo huwezi kuipiga lipu." Kisha akaniambia kwamba kama nilitaka kuujua vizuri udongo mweusi wa Utawala, ilinipasa niuone mwenzake, mweusi kama huu lakini ulio kinyume chake karibu katika kila jambo, nao uko katika msitu wa milima ya Nyandarua, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa.

Tulisafiri Jumamosi moja ya Februari, tukiwa na panga, jembe dogo, chupa za maji na mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, yote ya ukubwa mmoja. Mkebe wa kwanza tuliujaza nyuma ya nyumba kabla ya jua kupanda. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande, na nyufa nyingine zilimeza mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Ilibidi tutumie mtaimbo kupata bonge moja. Huu ndio udongo ambao wakulima na wajenzi wa Kenya huuita udongo mweusi wa pamba. Ni udongo wa mfinyanzi ambao madini yake huvimba yanaponyonya maji na kusinyaa yanapokauka, na kwa kuwa uwanda huu wa mashariki ni tambarare, maji ya mvua hutuama badala ya kuondoka. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 na kambi kugeuka mji, waliojenga walikuta vinamasi, na jina lenyewe la jiji linatokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi.

Matatu ilipovuka katikati ya jiji na kupita Westlands, rangi ilikuwa imekwisha kubadilika. Kangemi, Kinoo, Kikuyu: popote barabara ilipokata kilima, ukuta wa udongo ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini, bila jiwe. Nilidhani mwamba wa chini ni mwingine. Mzee alikataa. Mawe ya upande huu na yale ya uwanda wa mashariki yote yalimwagwa na volkano, alisema. Kilichotofautiana ni mwinuko, mvua na njia ya maji kutokea. Huku juu mvua ni nyingi na miteremko huyapitisha maji, kwa hiyo madini mepesi kuyeyuka yamesafirishwa, na chuma kilichobaki kimeota kutu na kuupaka udongo rangi yake.

Limuru tulishuka kwenye shamba la mpwa wake, lililopakana na michai, tukajaza mkebe wa pili. Mzee alichukua bonge, akalivunja kwa vidole vyake viwili vya gumba, likaachana katika vipande vidogo vyenye pembe kama kokwa, na kila uso wa kipande uling'aa juani kana kwamba umepakwa mafuta. Wataalamu huuita Nitisoli, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kung'aa. Mfinyanzi wake unazidi asilimia 30, lakini hauvimbi kama ule wa Utawala, na mizizi hupenya mita moja na nusu na zaidi bila kukutana na kizuizi. Ndiyo maana kahawa na chai ya nyanda hizi imestahimili miaka mingi juu yake. Mpwa wake alitukaribisha chai, nasi hatukuweza kuikataa, ingawa ilitugharimu saa nzima ambayo baadaye niliitamani sana msituni.

Kutoka Limuru tulifuata barabara kuu ya Nakuru hadi mahali paitwapo Flyover, tukakunja kulia kuelekea Magumu na Njabini. Baridi ilianza kuuma. Uwanda wa Kinangop ulitandaza viazi na kabichi pande zote mbili, na katika nyasi zilizobaki niliona madimbwi yaliyokaukia juu ya udongo wa kijivu.

Msituni tuliingia na askari wa misitu, kwa sababu humo mna ndovu na hakuna anayeruhusiwa kutembea peke yake. Tulipita kwanza chini ya miti ya kupandwa, kisha miti ya asili, halafu mianzi iliyosongamana hadi mchana ukawa jioni. Jambo la kwanza nililolitambua lilikuwa mlio wa hatua zetu. Nyumbani, Februari, ukipiga kisigino chini utadhani umepiga ubao. Hapa mguu ulizama kidogo na kuinuka, na hakukuwa na sauti. Kwa wiki nzima mvua haikuwa imenyesha, alituambia askari, lakini nilipopiga goti suruali ililowa.

Hatukutaka kuchimba msitu ovyo. Askari alituonyesha mti mkubwa uliong'olewa na upepo kando ya njia, nao ulikuwa umeacha shimo lenye ukuta wazi. Mzee aliusafisha ukuta kwa panga. Juu palikuwa na majani na vijiti vilivyooza nusu, chini yake tabaka nene jeusi lililojaa mizizi myembamba, kisha rangi ikafifia polepole kuwa kahawia, bila mstari unaotenganisha. Nilitumbukiza mkono. Udongo ulikuwa mwororo, unaobonyea kama keki, na niliposhika kiganja kizima nilidhani nimeshika nusu yake tu.

Huo ndio Andosoli. Jina lake limetoka Kijapani, ambako *an* ni giza na *do* ni udongo, kwa kuwa Japani nayo ni nchi ya volkano. Majivu na vioo vya volkano vinapooza upesi katika unyevu, havifanyi mfinyanzi wenye mpangilio bali chembe ndogo mno zenye uwazi ndani, ziitwazo alofani, na aluminiamu inayofunguka hushikana na mboji na kuilinda isiliwe na vijidudu. Kwa hiyo weusi wa huku ni mboji iliyokusanyika kwa miaka mingi, ilhali weusi wa Utawala unadanganya macho: mboji yake ni kidogo. Uwazi ule ndio unaoufanya udongo kuwa mwepesi. Sentimita moja ya ujazo ya Andosoli kavu haizidi gramu 0.9, wakati udongo wa kawaida wa shamba huzidi gramu moja. Uwazi huohuo hujaa maji.

Mzee alinipa tonge na kuniambia nilisugue kati ya gumba na kidole cha shahada. Mwanzoni lilikuwa kama donge la ugali uliopoa. Ghafla likalegea, likateleza, na vidole vyangu vikachuruzika maji ambayo sikuyaona yakiingia. "Sasa unajua kwa nini mteremko wa udongo huu ukikatwa miti unaweza kuporomoka," alisema. Nilimwuliza basi kwa nini wakulima wa chini wanalalamikia mbolea, wakati udongo una rutuba ya namna hii. Alijibu kwamba udongo huu ni bahili: fosfati, kirutubisho cha mbolea unayoutilia, huishika na kuificha, mimea isiifikie, na mara nyingi una asidi pia. Msitu hauoni shida hiyo kwa sababu hujilisha majani yake wenyewe; kiazi hakina majani ya karne moja ya kujilisha.

Hatukufika juu ya mianzi. Saa ya chai ya Limuru ilikuwa imetutia deni, na askari alitaka turudi kabla ya ukungu kushuka. Tulijaza mkebe wa tatu, tukautia mfuniko. Tukiwa njiani kurudi Mzee alinionyesha upande liliko bwawa la Sasumua, ambalo maji yake hupelekwa Nairobi kwa mabomba. Bwawa la Ndakaini, kubwa zaidi, liko upande wa pili wa milima hiyohiyo na lilikamilika mwaka 1994. Mito inayoyajaza hutoka katika udongo huu, ambao hunywa mvua ya masika na kuiachilia tone kwa tone hata miezi ya kiangazi.

Nyumbani niliimwaga mikebe yote juu ya sinia tatu, nikazianika bila kumwambia Mzee. Baada ya wiki mbili nilipima kwa mizani ya jikoni: udongo wa Utawala ulikaribia mara mbili ya uzito wa ule wa msituni. Kisha nikamwagia kila sinia kikombe cha maji, ya mtungi wa kununua kwa mkokoteni, kwani bomba letu halikuwa limetoa tone tangu Jumatano. Ule wa Utawala ulikunywa, ukavimba, ukawa gundi. Mwekundu ulikunywa ukatulia. Ule wa Njabini ulikuwa umegeuka chenga nyepesi kama kahawa ya kusagwa, na maji yalisimama juu yake, chenga nyingine zikielea.

Nilimwita Mzee aje aone. Alichota chenga chache, akazisugua vidoleni, zikabaki kavu.

"Uliuanika juani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Huu hauwezi kurudi ulivyokuwa. Ukikauka kabisa mara moja, chembe zake hushikana, na hata uutie maji mwaka mzima hautayabeba kama zamani. Ungeuacha ndani ya mkebe."

Niliutia kwenye ndoo ya sukuma wiki, nikauchanganya na ule mwekundu. Ule wa Utawala niliurudisha nyuma ya nyumba, chini ya ufa.