Siku niliyomkabidhi mwanangu ufunguo

"Mama, kwani lini nitabaki nyumbani mwenyewe?"

Kifungua mimba wangu aliniuliza hivyo akiwa na miaka 9, kavaa kiatu kimoja, amechoka kuburutwa kwenye shughuli za watu wazima. Nikamjibu, "Ukikua." Jibu lenyewe halikuniridhisha, maana sikujua huko kukua ni kufika wapi.

Nikaanza kutafuta umri. Sheria ya Uingereza haitaji umri. Kosa ni kumwacha mtoto mahali pa hatari. Jimbo la Maryland, Marekani, limeweka mpaka: wa chini ya miaka 8 haachwi peke yake, na wa kumwangalia awe ametimiza 13. Mpaka wa namna hiyo unanikataza tu. Hauniambii kama huyu wangu yuko tayari.

Basi nikawa namuuliza maswali tukiwa tunafua au tunakunja nguo. Ukisikia harufu ya gesi, utafanyaje? "Nitawasha feni itoke." Moyo ulinilipuka. Nikamshika mkono hadi jikoni, nikamweleza kuwa swichi yoyote, uiwashe au uizime, inaweza kutoa cheche, na kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Huwashi wala huzimi kitu. Unatoka, na simu unapiga ukiwa nje.

Tukafanya mazoezi kwa miguu, maana kwa mdomo kila mtoto ni hodari. Alipofika mlangoni, komeo la juu hakulifikia. Miezi yote ile nilikuwa napima akili yake, urefu wa mkono wake sikuwahi kuupima! Komeo tukalishusha siku hiyohiyo. Namba ya jirani nikaibandika ukutani kwa maandishi makubwa, kwa sababu simu huisha chaji. Tukachagua na neno letu la siri: anayesema "mama yako kanituma" bila kulitaja, hafunguliwi.

Tulianza na dakika 15, kisha 30. Mdogo wake nilikuwa naondoka naye. Kujiangalia na kumwangalia mwenzio ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili sikuwa tayari kumtwika.

Mara ya tatu nilikuta nyumba imetulia, sakafu inang'aa. Siku mbili baadaye nikaona vipande vya bilauri vimeviringishwa kwenye karatasi, vimesukumwa chini ya kitanda. Kidole chake cha mguu kilikuwa na jeraha. Alijikata, akafuta damu, akanyamaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefoka."

Ni kweli, ningefoka. Nikasitisha kila kitu, na bilauri haikuwa sababu. Mtoto anayeficha kidole kinachovuja damu ataficha na moto, na huko kuficha alijifunza kwangu. Kwa hiyo miezi iliyofuata mwenye mazoezi nilikuwa mimi. Kikivunjika kitu, neno langu la kwanza liwe "umeumia?" Halafu kimya, mpaka amalize kueleza. Nyakati nyingine ilinibidi nitoke uani kwanza, nipumue, ndipo nirudi.

Alipotimiza 10 tukaanza upya. Siku moja, sijamaliza hata nusu saa, simu ikaita. "Mama, nimegusa pasi, nimeungua kidole. Najua ulinikataza." Sauti ilimtetemeka, lakini alisema yote, hata lile la kukaidi ambalo nisingelijua kamwe. Nikamuuliza kama pasi imezimwa. Alikuwa ameshaichomoa.

Nikarudi mbiombio. Nilimkuta kwenye sinki, kidole chini ya maji ya bomba, macho kwenye saa ya ukutani. Nilikuwa nimemfundisha kwamba aliyeungua apooze kwa maji yanayotiririka dakika 20. Nilipotaka kukitazama kidole, akanizuia kwa mkono mwingine.

"Bado dakika 6, mama."

Wiki iliyofuata nikamchongea ufunguo wake.