Siku Tulipotafuta Mahali pa Kujenga

Kijiji chetu kiko kusini mwa Moshi, kwenye tambarare inayonyweshwa na skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Miaka michache baada ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, nikiwa katibu wa kamati ya ardhi, tulitumwa kutafuta eneo la makazi mapya. Waombaji wengi walikuwa vijana walioshuka kutoka mlimani, ambako vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi havigawanyiki tena.

Eneo lililopendwa na wengi lilikuwa majaruba, yaani vishamba vya mpunga, ya kando ya barabara, karibu na nguzo za umeme. Bwana shamba alieleza kwa kirefu, pengine kupita kiasi, kwamba maji yakitosha jaruba huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hakuna aliyembishia, wala aliyebadili msimamo.

Aliyetugeuza ni fundi mwashi mzee. Alichota udongo mweusi wa jaruba, akaulowesha na kuuviringisha kiganjani hadi ukawa uzi mrefu usiokatika, kisha akatupeleka kwenye nyumba iliyo pembezoni mwa mashamba, yenye ufa wa kupitisha vidole ukutani.

"Wanangu, udongo huu huvimba masika na kunywea kiangazi. Mkijenga hapa mtaziba nyufa mpaka mzeeke."

"Na msingi wa mawe je, mzee?" aliuliza kijana mmoja.

"Unawezekana, ukiwa na fedha za kuchimba wote huu na kuleta kifusi."

Tukapanda mwinuko wa upande wa pili. Udongo wake ni mwembamba na haufai mpunga, lakini maji ya mvua hayatuami, na mawe ya msingi yapo hapo hapo. Tatizo lilikuwa maji ya kunywa. Mama mmoja mjumbe alikataa kutia sahihi mpaka muhtasari useme kwamba viwanja havitagawiwa kabla bomba halijafika. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa uamuzi mzito kuliko wote wa siku ile, kwani watu wakikosa maji mwinukoni wangerudi kujenga kando ya mfereji.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikubali pamoja na sharti hilo, na majaruba yakaandikwa kuwa ardhi ya kilimo. Waliokwisha kumwaga mchanga barabarani waliambiwa wauondoe, nao wakalalamika, kwa haki kabisa, kwamba huko juu lori halifiki.