Madirisha matatu ya Trakai

Leo ni Trakai, Lithuania. Mji mdogo uliozungukwa na maziwa, kama kilomita 28 kutoka Vilnius.

Ukija kwa treni, usitarajie kuiona ngome unaposhuka. Ni zaidi ya kilomita 2 kwa miguu, na njia inapita mtaa wa Karaimų.

Wengi wanaupita mbio. Wanakosa kitu.

Ngome inapendeza kweli: matofali mekundu kisiwani, ziwa Galvė, daraja la mbao. Vytautas, Mtawala Mkuu wa Lithuania, alifariki katika mji huu mwaka 1430. Lakini vita vya karne ya 17 viliiacha ngome gofu, na sehemu kubwa ya kuta za juu ilijengwa upya karne ya 20.

Mtaani ndiko historia bado inaishi.

Vytautas aliwaleta Wakaraimu, jamii ndogo yenye dini na lugha yake, kutoka Krimea mwishoni mwa karne ya 14. Lugha yao ni ya jamii ya Kituruki, na nyumba yao ya ibada, kenesa, iko hapo hapo.

Nyumba zao za mbao zimeelekeza upande mwembamba barabarani, wenye madirisha matatu.

Wenyeji husema: moja la Mungu, moja la Vytautas, moja la mgeni.

La mgeni! Jioni hii kulikuwa na taa nyuma ya moja.

Kuleni kibinai pia, mfano wa sambusa ya nusu mwezi, nyama ya kondoo na kitunguu. Ikiwa moto, ng'ata pembeni kwanza. Ukianzia katikati mchuzi unakumwagikia.

Mliowahi kufika, kenesa mliikuta wazi?