Mtini, Jalidi na Hesabu ya Wiki

Katika mwaka wa nne wa mtini wangu wa kwanza nilihesabu tini 43 matawini, zote za kijani, zote ngumu kama kokoto, na usiku huohuo jalidi ya kwanza ya vuli ikashuka. Kulipokucha majani yalikuwa meusi na yamelegea kana kwamba yamechemshwa, na tini zenyewe zilikuwa zikining'inia vilevile, bila utamu wala harufu, hadi nilipozichuma moja moja na kuzitupa kwenye lundo la mboji. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimehangaika na swali moja tu, la kuuzuia mti usife kwa baridi, na kwa hilo nilikuwa nimefaulu, kwani mti ulikuwa na afya tele. Nilichokuwa sijakipigia hesabu ni muda. Anayepanda mtini mahali ambapo majira ya joto ni mafupi hushindana na kalenda zaidi ya anavyoshindana na kipimajoto, na karibu kila ninalofanya siku hizi, tangu kuchagua aina hadi kukata ncha za matawi, nalifanya ili niokoe wiki mbili hapa na wiki tatu pale.

Baridi yenyewe mtini huihimili kuliko watu wanavyodhani. Mti uliokomaa na kulala, yaani uliokwisha kupukutisha majani na ambao matawi yake yamegeuka kutoka kijani kuwa ya rangi ya udongo, huvumilia hadi kiasi cha nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri kabla matawi hayajaanza kufa, ingawa mche mchanga huumia mapema zaidi. Mizizi iliyo ardhini, ikifunikwa kwa matandazo mazito, huokoka hata pale ambapo shina lote limekufa, na machipukizi mapya hutoka chini hali ya hewa inapopata joto. Hapo ndipo wengi hufurahi kabla ya wakati, kwa sababu chipukizi lililoanzia ardhini hulazimika kwanza kurefuka na kutoa majani kadhaa, ndipo tini zijitokeze kwenye makwapa ya majani hayo, na kila tini huhitaji tena karibu miezi mitatu, mara nyingi zaidi, hadi iive. Ukijumlisha unakuta vuli imekwisha kufika.

Mtini una tabia ya kuzaa mara mbili, na asiyeifahamu tabia hii huuharibu kwa mikono yake mwenyewe. Mzao wa kwanza hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, na mzao wa pili, ambao katika nchi za joto ndio mkubwa, hutoka kwenye machipukizi ya mwaka huohuo. Ukiitazama ncha ya tawi mwishoni mwa vuli utaona, kando ya tumba lile lililochongoka, vijinundu vya mviringo vidogo kama punje za mbaazi; hivyo ndivyo tini za mwaka ujao, na vikihifadhiwa salama wakati wa baridi huiva mapema kuliko tini nyingine zote. Tini zilizokwisha kufikia ukubwa wa kidole gumba bila kuiva haziokoki, kwa hiyo mimi huziondoa. Vijinundu naviacha, na mkasi wa kupogolea siupitishi kwenye ncha hizo, kwa kuwa mwaka mmoja nilipogoa mti wangu ukapendeza kuutazama, nikajikuta nimeutupa mzao wote wa kwanza pamoja na vijiti.

Uchaguzi wa aina ndio unaookoa wiki nyingi kuliko jambo lingine lolote, na ndio ambao mtu akikosea hawezi kuurekebisha kwa matunzo. Tini kwa kweli ni kifuko cha nyama kilichojaa maua yaliyoelekeza nyuso zao ndani, chenye kitundu kidogo upande wa chini. Katika kundi linaloitwa Smyrna, maua hayo lazima yachavushwe na nyigu mdogo mno, Blastophaga psenes, anayeingia kwa kitundu hicho akiwa na chavua kutoka mtini dume. Mahali ambapo nyigu huyo hayupo, tini za kundi hilo hunyauka na kudondoka zingali changa, na mwenye mti hubaki akilaumu mbolea. Kundi la kawaida halimhitaji nyigu hata kidogo. Binadamu alilipenda kundi hilo tangu zamani za kale, kwani watafiti waliochunguza tini kavu zilizofukuliwa Gilgal, katika bonde la Yordani, zenye umri wa miaka ipatayo 11,400, walieleza mwaka 2006 kwamba zilionekana kuwa za namna hiyo isiyochavushwa.

Kati ya aina zisizohitaji nyigu, Ronde de Bordeaux na Florea huwahi kuiva, na Chicago Hardy inasifika kwa kuzaa kwenye machipukizi mapya hata baada ya kuunguzwa na baridi hadi chini. Brown Turkey huuzwa karibu kila mahali na ni mvumilivu, ila jina hilo hubandikwa miti isiyofanana, hivyo ni afadhali kuipata kwa mtu aliyekwisha kula matunda ya mti wenyewe. Ninayoipenda mimi kuliko zote ni Desert King, ambayo mzao wake wa kwanza huiva bila nyigu na wa pili humhitaji. Kwa kuwa kwangu mzao wa pili usingepata muda wa kuiva hata kidogo, sijapoteza chochote. Usipande mbegu za tini kavu. Huota vizuri sana, lakini baadhi ya miche huwa madume na mingine huhitaji nyigu, na utangoja miaka kadhaa kabla ya kulijua hilo. Kipandikizi cha urefu wa sentimita 15 hadi 20, kilichokatwa wakati mti umelala na kusimikwa kwenye mchanganyiko mwepesi ulio na unyevu kidogo tu, hutoa mizizi ndani ya wiki chache chumbani penye joto la nyuzi zipatazo 20, na mti utakaotokana nacho ni uleule wa mama yake.

Miti yangu naikuza kwenye vyungu vikubwa vya plastiki. Udongo wa chungu hupata joto haraka kuliko wa ardhini, mizizi iliyobanwa huupunguzia mti tamaa ya kukua majani matupu, na zaidi ya yote chungu huhamishika. Huanza na chungu cha lita 20, kisha hupandisha hatua kwa hatua hadi lita 40 au 50, kwani zaidi ya hapo mgongo wangu hukataa. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mti ukiwa umelala, huutoa chunguni, nikakata kwa msumeno mizizi iliyojizungusha pembezoni, nikarudishia udongo mpya. Wakati wa joto chungu hutaka maji karibu kila siku, maana kukauka kabisa na kisha kufurikishwa huzifanya tini zidondoke. Mbolea yenye naitrojeni nyingi naiepuka baada ya katikati ya majira ya joto, kwa sababu hulisha matawi mororo yatakayokuwa ya kwanza kuuawa na baridi.

Majani yakisha kupukutika huviingiza vyungu bandani, mahali pasipo na moto, ambapo joto hukaa kati ya sifuri na nyuzi 7. Giza si tatizo, maana mti usio na majani hauna haja ya mwanga. Tatizo ni huruma. Majira ya baridi ya pili niliuonea mti mmoja huruma nikawa nauwekea maji kila wiki, na nilipokwaruza gome kwa ukucha mwishoni mwa baridi sikuona ile rangi ya kijani kibichi inayoonyesha uhai. Chini ya gome palikuwa pa kahawia, na udongo ulinuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Siku hizi hutia kikombe kimoja au viwili kwa mwezi, basi.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huja baridi inapoonekana kwamba imekwisha. Matumba hufunguka bandani, majani mawili matatu hujitokeza, nawe unatamani kuutoa mti juani. Lakini jani lililofunguka haliwezi kabisa kustahimili jalidi ambayo tawi lililolala lisingeihisi. Kwa hiyo kwa wiki tatu au nne vyungu vyangu hutoka asubuhi na kurudi ndani jioni, juu ya kibao nilichokitia magurudumu, na siku za kwanza huvikalisha kivulini, kwani majani yaliyozaliwa gizani huungua juani. Ni kazi ya kuchosha, nami huilalamikia kila mwaka. Hata hivyo ndiyo inayonipa wiki tatu za kukua ambazo mti ulioachwa nje hauna. Mwenye kupanda ardhini hana njia hii. Yeye ataupanda mti mbele ya ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa, na wakati wa baridi ataufunga matawi na kuyavika majani makavu na gunia.

Katikati ya majira ya joto hukata ncha za machipukizi baada ya jani la tano au la sita, ili nguvu iende kwenye tini, na hufanya hivyo nikiwa na glavu, maana utomvu ule mweupe ukipata ngozi na kisha jua huacha malengelenge. Baada ya hapo tini hukua upesi, kisha husimama. Kwa wiki kadhaa hazibadiliki hata kidogo, na hapo ndipo mgeni wa kazi hii hudhani ameharibu jambo. Ghafla, ndani ya siku chache, moja huvimba, rangi hugeuka, shingo iliyokuwa imesimama hulegea na tunda huinama, ngozi hupasuka mistari myembamba, na pengine tone la utamu hutokea kwenye kitundu. Usiichume kabla ya hapo, kwani tini haiendelei kuongeza utamu ikisha kukatwa mtini.

Mwaka huu nilichuma 31 zilizoiva na kutupa 9. Vyungu vimekwisha kuingia bandani tangu juzi, na kwenye ncha za Desert King nimehesabu vijinundu 17.