Stata inalia "tak" tu, injini haiwaki: kosa lilikuwa kwenye ethi, waya unaounganisha ncha hasi ya betri na injini

Ukizungusha ufunguo, stata inalia "tak" kisha kimya, na taa za dashibodi zinafifia. Hapo wengi hukimbilia betri mpya, hela zinapotea bure. Pima kwanza! Betri yangu ilisoma volti 12.6, na stata ikipigwa haikushuka chini ya 11. Kumbe nzima.

Nikachukua mita ya kupimia volti, nikagusisha waya wake mmoja kwenye ncha hasi ya betri, wa pili kwenye chuma tupu cha injini, mwenzangu akapiga stata. Volti 2! Inatakiwa isizidi 0.5, kwa hiyo umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya wa ethi. Nilipofungua bolti yake pale kwenye injini, chini yake kulikuwa na kutu na ukoga wa kijani. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapima tena: 0.1. Injini ikawaka mara moja.