Tawi la Mwaka Jana, Bahasha ya Kwaresima na Safari ya Bagamoyo: Muhula Huu Shuleni kwa Watoto Wetu

Alhamisi iliyopita mwanangu wa darasa la nne alitoa kwenye begi lake barua ya wazazi ya muhula huu, ikiwa imekunjwa katikati ya daftari la Hisabati, akanikabidhi na kusimama palepale akingoja niisome. Shule yao ni ya msingi, inaendeshwa na masista hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa nimo katika kamati ya wazazi nilikuwa nimekwisha kuyasikia mengi ya yaliyoandikwa humo. Hata hivyo, kuisoma barua mbele ya mtoto anayetaka kujua utahudhuria lipi na utaliacha lipi ni jambo jingine kabisa. Nimeona niyaandike hapa kwa kirefu, kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao barua yao huenda bado imelala ndani ya begi, na kwa wengine wenye watoto katika shule za Kanisa, kwa sababu shughuli za namna hii zinafanana katika shule nyingi.

Jambo ninalotaka tulitambue mapema ni kwamba muhula huu shule haijatuomba fedha nyingi, bali imetuomba sisi wenyewe. Ukiondoa nauli na chakula cha safari ya Bagamoyo, kila shughuli iliyotajwa inamhitaji mzazi afike kwa miguu yake, akae na mtoto wake na afanye naye jambo fulani. Ninafahamu kwamba kwa wengi wetu ni rahisi zaidi kutuma mchango kwa simu kuliko kupata ruhusa ya saa mbili kazini au kufunga duka asubuhi. Lakini tukumbuke kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao, na shule ikawekwa kuwa msaidizi wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 796, inawataka walimu washirikiane na wazazi kwa ukaribu sana na kuwasikiliza kwa moyo, na inaagiza vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na ithaminiwe. Kwa hiyo kikao cha wazazi, ambacho baadhi yetu tunakihesabu kuwa mahali pa kutangaziwa ada, kina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani.

Habari ya kwanza katika barua ni ya jambo lililokwisha kufanyika. Misa ya kufungua mwaka wa masomo iliadhimishwa Jumatano tarehe 28 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye ni msimamizi wa shule za Kikatoliki. Katika mahubiri padre aliwaeleza watoto kwamba tangu tarehe 1 Novemba 2025 Mtakatifu Thoma amepata mwenzake, kwa kuwa Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, naye sasa anahesabiwa pamoja na Thoma kuwa msimamizi wa elimu ya Kikatoliki. Watoto wa darasa la kwanza waliitwa mbele ya altare na wazazi wao, wakabarikiwa pamoja na madaftari yao mapya. Wazazi tuliofika hatukujaza hata safu nne za mabenchi, na niliwaona watoto wawili wakigeuka nyuma mara kwa mara kuangalia mlangoni. Sijaweza kuyasahau macho yale.

Sasa tuje kwenye yaliyo mbele yetu, na kubwa kuliko yote ni Kwaresima, kipindi cha toba kinachotangulia Pasaka. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Pasaka itakuwa tarehe 5 Aprili. Shule inaiomba kila familia ilete tawi lililobarikiwa katika Dominika ya Matawi ya mwaka jana, kwa sababu majivu tunayopakwa hupatikana kwa kuyachoma matawi hayo, na safari hii masista wanataka watoto walione jambo hilo kwa macho yao. Moto utawashwa uwanjani siku moja kabla, saa mbili asubuhi, mbele ya wazazi watakaofika. Kila mtoto atalitupia motoni tawi la nyumbani kwao, kisha majivu yatachekechwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya Misa ya kesho yake. Mtoto aliyelishika tawi lile akiimba Hosana, kisha mwaka uliofuata akaliona likigeuka kuwa vumbi kwenye paji la uso wake, amefundishwa jambo ambalo katekista angeweza kulieleza kwa wiki nzima bila kulimaliza.

Kuhusu kufunga, naomba tusome kwa makini, maana kila mwaka jambo hili linaleta mkanganyiko majumbani. Kanuni ya 1252 inawabana kwa kujinyima nyama wale waliotimiza miaka 14, na kwa kufunga wale waliofikia utu uzima, yaani miaka 18, hadi wanapoanza mwaka wao wa sitini. Karibu watoto wote wa shule ya msingi, basi, hawawajibiki na lolote kati ya hayo mawili, na uji wa saa nne utaendelea kupikwa kama kawaida. Kanuni ileile, hata hivyo, inawaagiza wachungaji na wazazi wahakikishe kwamba hata wale wasiobanwa na sheria kwa sababu ya umri wanalelewa katika maana ya kweli ya toba. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Nyumbani kwetu tumezoea kumwacha kila mtoto achague mwenyewe kitu kimoja cha kujinyima, nasi wakubwa tunataja chetu mezani, mbele yao, ili watuulize tukiteleza.

Katika darasa la mwanangu wapo watoto kadhaa Waislamu, na mwaka huu mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama karibu kabisa na Jumatano ya Majivu, tarehe 18 au 19 Februari. Nimeshukuru sana kuona barua imelizingatia jambo hili. Watoto Waislamu watakaokuwa wamefunga watakaa maktaba wakati wa uji, pamoja na mwalimu, ili wasiketi wakiwatazama wenzao wakinywa. Tena ule mlo wa familia ambao miaka yote ulikuwa mchana wa Jumamosi umesogezwa hadi jioni, baada ya magharibi, ili familia zinazofunga Ramadhani ziweze kufuturu pamoja nasi. Chakula kitakuwa cha kiasi kama ipasavyo Kwaresima, yaani wali, maharage na mchicha, na tumekubaliana kwamba mwenye tende alete tende. Katika mtaa wetu, jirani zetu Waislamu wametualika futari miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kwangu mimi ni heri kwamba watoto watauona ukarimu huo ukirudishwa shuleni, chini ya paa la masista, bila mtu kulazimika kuficha imani yake.

Njia ya Msalaba itafanyika kila Ijumaa saa nane mchana, kuanzia tarehe 20 Februari, na kila darasa limepangiwa Ijumaa yake ya kuongoza vituo vyote 14. Ijumaa ya tarehe 20 Machi inaweza kuangukia sikukuu ya Idi, kwa hiyo darasa lililopangiwa siku hiyo litaarifiwa mapema iwapo ratiba itabadilika. Hapa nina ombi ambalo linatoka katika kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi binti yangu mkubwa alipewa nafasi ya Veronika, mwanamke aliyemfuta Yesu uso, katika kituo cha sita. Alifanya mazoezi kwa kitambaa cha meza yetu wiki nzima, akinifuta uso mimi kila jioni. Siku yenyewe ilipofika nilikuwa na kazi niliyoona haiwezi kungoja, nikamwambia nitawahi, na nilipofika walikuwa wakitoka kanisani. Hakulia wala hakunilaumu. Alikikunja kile kitambaa vizuri, akanirudishia, na njia nzima hadi nyumbani alizungumza habari za mambo mengine. Kazi ile leo siikumbuki hata ilihusu nini. Wazazi wenzangu, ulizeni Ijumaa ya darasa la mtoto wenu ni ipi, na ombeni ruhusa kazini tangu sasa.

Akina baba wametengewa Alhamisi tarehe 19 Machi, Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, Mume wa Bikira Maria. Baada ya Misa ya asubuhi watatengeneza madawati yaliyovunjika pamoja na watoto wao, na kila mwenye nyundo au randa anaombwa aje nayo. Wazo hili lilitolewa na baba mmoja fundi seremala katika kikao cha Novemba, naye alisema kwamba watoto wanamwona akiondoka alfajiri na kurudi usiku, lakini hawajapata kuiona kazi ya mikono yake. Natamani pasiwepo mtoto hata mmoja siku hiyo anayesimama bila baba, mjomba, babu au kaka wa kumshikia ubao.

Bahasha za Kwaresima zitagawiwa siku ya Majivu. Kila mtoto ataweka humo alichojinyima, hata kama ni shilingi mia moja ya barafu ambayo hakuinunua, na bahasha zitarudishwa Dominika ya Matawi, tarehe 29 Machi. Naomba sana tusizijaze sisi usiku wa mwisho kwa noti ili mtoto wetu asionekane amerudisha kidogo. Fedha hizo zinapitia kwa watoto wa Utoto Mtakatifu wa parokia, na shirika hilo limekuwa la watoto kusaidia watoto tangu lilipoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy. Sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kuliheshimu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar na kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikusanya huko watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto, wakawapa makazi, shule na mashamba, na michango ya Utoto Mtakatifu ilikuwa miongoni mwa fedha zilizoitegemeza kazi ile. Kumbe senti za watoto wa Ulaya, ambao hawakupata kuiona Bahari ya Hindi, zilisaidia kuwapatia watoto wa huku uhuru na kitabu cha kusomea.

Kwa sababu hiyo safari ya familia mwaka huu ni ya Bagamoyo. Tutaondoka Jumamosi asubuhi na mapema katika wiki ya nne ya Kwaresima, na ni mwendo wa kilomita 70 hivi tu, kwa hiyo hata wenye watoto wadogo wasiogope. Tutaanzia ufukweni penye msalaba unaokumbuka kufika kwa wamisionari, tutapanda kwa miguu hadi kanisa la kale lililojengwa mwaka 1872, tutaingia makumbusho, kisha tutapita makaburini walikozikwa wamisionari, ambao wengi wao waliuawa na malaria wakiwa bado vijana. Watoto wakubwa bila shaka watataka kuonyeshwa mahali mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya kubebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka bara kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, nao wataonyeshwa. Mimi ningependa zaidi tukae nao chini ya vivuli vya miti ya misheni tuwaeleze kwamba katika pwani hii watoto wa umri wao waliwahi kuuzwa utumwani, na kwamba baadhi yao walifundishwa kusoma mahali pale. Wazazi wanaofahamu historia ya pwani wanaombwa wajitokeze kusaidia kueleza, kwa kuwa mwongozaji mmoja hawezi kusikika na watoto wengi namna ile.

Yaliyobaki ni ya kiutaratibu. Wazazi wa watoto wa darasa la nne wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza walete nakala ya cheti cha ubatizo kabla ya Majivu, na wale waliobatiziwa majimbo mengine waanze kufuatilia sasa, maana vyeti huchelewa. Kuungama kwa watoto kutakuwa katika wiki ya tano ya Kwaresima, na wazazi wanakaribishwa kuungama siku hiyohiyo, kwa kuwa mapadre watakuwa watatu. Ripoti za nusu muhula zitatolewa mkononi mwa mzazi, si kwa dereva wa basi la shule wala kwa dada wa nyumbani, na mwalimu wa darasa atakaa na kila mzazi kwa dakika chache.

Nilipomaliza kuisoma barua, mwanangu aliniuliza kama tunalo tawi. Nilikuwa nimesahau kwamba lilikuwa sebuleni nyuma ya picha ya Familia Takatifu, limekauka na kuwa la kahawia, na vumbi limelikalia. Alipanda juu ya kiti akalichomoa taratibu ili lisivunjike, akalifunga kwa gazeti, akaandika jina la familia yetu juu yake kwa kalamu ya wino na kulisimamisha pembeni ya begi lake la shule, ingawa kabla ya Majivu kulikuwa bado na karibu wiki tatu.